Zege halilali, lakini mhandisi yuko wapi?

MAFUNDI wa ujenzi nchini Tanzania wana msemo ambao sasa umeenea hadi kwa watu wasiowahi kushika koleo: zege halilali. Maana yake ya asili ni ya kikazi kabisa. Saruji ikishakutana na maji, safari ya kuganda imeanza, na zege lililochanganywa asubuhi haliwezi kuachwa lingoje kesho. Ni lazima limwagwe, lishindiliwe na kusawazishwa siku hiyo hiyo, mvua inyeshe au jua liwake.

Ndani ya msemo huo limejificha tatizo moja kubwa la taaluma ya uhandisi nchini, ingawa wengi wanaoutumia hawalitambui. Zege halilali, lakini pia halisubiri saa za ofisi ziishe. Humwagwa mchana, wakati ambapo mhandisi ambaye jina lake limeandikwa kwenye ubao wa mradi mara nyingi yuko kwenye meza ya mwajiri wake mwingine, anasubiri saa tisa na nusu alasiri ifike ndipo aondoke kwenda kukagua jengo.

Hali hiyo haihitaji kutajiwa mtu ili ieleweke. Jengo la ghorofa linapanda pembezoni mwa jiji. Saa tano asubuhi mafundi wamemaliza kufunga nondo za sakafu ya ghorofa ya pili, mashine ya kuchanganyia inaunguruma, vibarua wamejipanga na ndoo zao. Kinachotakiwa ni jicho la mtaalamu: kuhesabu nondo, kupima nafasi kati yake, kuhakikisha zimeinuliwa kutoka kwenye mbao, na kuona kama miimo inayoshikilia mbao hizo imesimama imara. Fundi mkuu anapiga simu. Jibu linalotoka upande wa pili ni fupi: endeleeni, nitapita jioni. Jioni anapofika, kila alichopaswa kukikagua kimekwisha kufunikwa.

Mjadala kuhusu mishahara ya wahandisi na kazi za ziada wanazofanya umekuwa ukirudi mara kwa mara, na kila unaporudi huchukua sura mbili tu. Wapo wanaosema mhandisi alipwe vizuri ili aache kuhangaika. Wapo wanaosema mhandisi aliyeajiriwa azuiwe kabisa kufanya kazi nyingine. Pande zote mbili zina hoja, lakini zote mbili zinaupita mlango bila kubisha hodi. Kazi ya ziada si kosa. Kosa ni kuuza jina bila kuuza muda, na utaratibu uliopo nchini unafanya biashara hiyo iwe rahisi kuliko kazi halali.

Ili kuelewa kwa nini, ni vema kuanza na hati ya mshahara yenyewe. Chukulia, kwa mfano tu, mhandisi kijana wa kampuni binafsi ambaye mshahara wake ni Sh1,200,000 kwa mwezi, aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Mchango wake wa asilimia 10 katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni Sh120,000. Kinachobaki kwa ajili ya kodi ni Sh1,080,000. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya ajira, Sh270,000 za kwanza hazitozwi. Sehemu inayofuata, hadi Sh520,000, hutozwa asilimia 8. Hadi Sh760,000 asilimia 20. Hadi Sh1,000,000 asilimia 25. Na zaidi ya hapo asilimia 30. Jumla ya kodi yake ni Sh152,000.

Halafu inakuja Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, ambayo kwa mhandisi huyu ni Sh180,000. Mwisho wa mwezi anabakiwa na Sh748,000. Kutoka katika fedha hizo anatakiwa kulipa kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam huidai ya miezi sita kwa mkupuo, nauli, chakula, ada za wadogo zake na michango ya harusi na misiba isiyokwisha.

Ni kweli kwamba mhandisi huyo si mnyonge wa mwisho. Mei Mosi mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kingepanda kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Wapo maelfu wanaoishi kwa kiwango hicho na kwa chini ya hapo. Lakini binadamu hajilinganishi na aliye chini yake pekee. Mhandisi hujilinganisha na mwenzake waliyekaa naye darasa moja, ambaye ameajiriwa na taasisi ya umma yenye ngazi zake za mishahara, wakati yeye yuko halmashauri kwenye ngazi za kawaida za serikali. Shahada ni ile ile na usajili ni ule ule, lakini malipo hutofautiana sana. Hujilinganisha pia na thamani ya kazi anayoisimamia: anaidhinisha malipo ya mabilioni ya shilingi kwa mkandarasi, kisha anarudi nyumbani kwa daladala.

Hapo ndipo muhuri unapoanza kuwa na bei.

Kazi za ziada za wahandisi hazifanani, na kuziweka katika kapu moja ndiko kunakouvuruga mjadala. Kundi la kwanza ni la kazi zinazofanyika mezani: kuchora ramani, kupiga hesabu za nguzo na boriti, kuandaa orodha ya vifaa na gharama, kufundisha vyuoni jioni, au kufanya kazi kwa njia ya intaneti kwa wateja walio mbali. Kazi hizi zinaweza kufanywa usiku au mwishoni mwa wiki bila kumwathiri mtu. Hesabu ya boriti haijali kama imepigwa saa nne asubuhi au saa nne usiku, ilimradi ni sahihi na aliyeipiga hajachoka.

Kundi la pili ni usimamizi wa ujenzi. Hapa mambo hubadilika, kwa sababu kinachouzwa ni uwepo. Ujenzi una nyakati chache ambazo haziwezi kurudiwa: msingi kabla haujafukiwa, nondo kabla hazijafunikwa, zege linapomwagwa, na mbao zinapotolewa. Fundi akiongeza maji kwenye zege ili lisambae kwa urahisi, hakuna atakayeliona kosa hilo kwa macho wiki mbili baadaye. Zege hupimwa nguvu yake baada ya siku 7 na tena baada ya siku 28, kwa vipande vilivyochukuliwa siku ya kumwaga. Kama siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuchukua vipande hivyo, basi hakuna cha kupima. Mhandisi mwenye majengo matano na ajira moja ya kutwa hawezi kuwepo katika nyakati hizo zote, hata angekuwa mwadilifu kiasi gani.

Kundi la tatu ndilo la hatari zaidi, na ndilo linalolipa vizuri zaidi kwa jasho dogo: kukodisha jina. Kampuni inayotaka kusajiliwa kuwa mkandarasi inatakiwa kuwa na mtaalamu mwenye sifa. Kampuni inayoomba zabuni inatakiwa kuonyesha wahandisi itakaowatumia, vyeti vyao na uzoefu wao. Mwenye jengo anatakiwa kuwa na jina la mhandisi kwenye ubao. Katika kila hatua hizo kinachokaguliwa ni karatasi. Malalamiko kwamba vyeti vya wataalamu hukodishwa ili kukamilisha karatasi hizo ni ya miaka mingi katika sekta ya ujenzi. Mhandisi hupokea bahasha, jina lake hubaki katika faili, na mwili wake hauonekani kamwe katika eneo la kazi.

Hakuna mshahara unaoweza kushindana na biashara ya namna hiyo. Serikali hata ikiamua kuongeza mishahara ya wahandisi wake maradufu, muhuri unaopigwa kwa dakika tano utaendelea kulipa kuliko saa nane za kukaa juani. Ndiyo maana hoja ya kuongeza mishahara peke yake, ingawa ni ya haki, haitoshi kuwa dawa.

Lakini marufuku nayo imekwisha kujaribiwa. Azimio la Arusha, lililopitishwa na TANU mwaka 1967 chini ya uongozi wa Mwalimu Julius Nyerere, liliweka miiko ya uongozi ambayo ilimzuia kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi, kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari na kuwa na nyumba za kupangisha. Waliohesabiwa kuwa viongozi hawakuwa mawaziri na wabunge pekee. Watumishi wa serikali wa ngazi za kati na za juu walikuwamo. Wahandisi waliohitimu katika kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1973, waliingia kazini wakikuta miiko hiyo imesimama.

Kilichofuata kinafahamika kwa kila aliyeishi mijini miaka ya 1980. Mfumuko wa bei ulikula mshahara hadi ukabaki wa kununulia mahitaji ya siku chache tu za mwezi. Mtumishi wa umma aliendelea kwenda ofisini, lakini familia iliishi kwa kuku waliofugwa uani, kwa maandazi yaliyouzwa na mama, kwa bustani ya mchicha na kwa ng'ombe wa maziwa. Neno mradi likapata maana mpya: kile kinachomlisha mtu wakati ajira inampa heshima. Miiko ilibaki katika vitabu huku maisha yakiwa yamekwisha kuivuka. Mwaka 1991, kwa uamuzi unaojulikana kama Azimio la Zanzibar, Chama Cha Mapinduzi kililegeza masharti hayo.

Mwaka huo huo wa 1991 yalifanyika mabadiliko mengine ambayo yana mafunzo kwa wahandisi. Sheria ya mwaka 1977 iliyokuwa imefuta huduma binafsi za tiba kwa faida ilirekebishwa, na madaktari wakaruhusiwa tena kuwa na zahanati na hospitali binafsi. Madaktari wengi wa hospitali za umma wamekuwa wakifanya kazi jioni katika hospitali hizo kwa uwazi. Utaratibu huo una kasoro zake nyingi, lakini una sifa moja: mgonjwa anamwona daktari. Daktari hawezi kukodisha jina lake kwenye zahanati tano halafu mgonjwa akajitibu mwenyewe bila mtu yeyote kugundua. Katika jengo, mgonjwa ni zege, na zege halilalamiki hadi siku linapoanguka.

Ndiyo maana suala hili halihusu pochi za wahandisi peke yake. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, katikati ya biashara za Jumamosi, na kuua zaidi ya watu 20. Baada ya tukio hilo la pili serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe.

Itakuwa si haki kudai kwamba maafa hayo yalisababishwa na wahandisi kufanya kazi za ziada. Jengo huanguka kwa sababu nyingi zinazokutana: mwenye mali anayeongeza ghorofa, anayebadili matumizi au anayechimba chini ya jengo lililokwisha kusimama, vifaa duni, vibali visivyofuatiliwa, na mamlaka zinazofika baada ya maafa. Lakini katika orodha hiyo yupo mtu mmoja ambaye sheria imempa uwezo wa kusema hapana wakati bado kuna nafasi ya kuokoa, naye ni mhandisi. Akiwa hayupo, sababu nyingine zote hupita bila kizuizi. Na ikiwa hakuwepo kwa sababu alilipwa kwa ajili ya jina tu, basi aliyemlipa hakununua usimamizi, alinunua ukimya.

Sheria ya kumwajibisha ipo. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 iliipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) mamlaka ya kusajili, kusimamia mwenendo na kumwondoa katika orodha anayekiuka maadili. Sheria inatofautisha mhandisi mhitimu, mhandisi mtaalamu na mhandisi mshauri, na kumtaka kila mmoja afanye kazi kwa mujibu wa usajili wake. Katika Siku ya Wahandisi ya kila mwaka, wahandisi hula kiapo cha utii kwa taaluma yao hadharani. Kwa upande wa watumishi wa umma, kanuni za maadili zinahimiza matumizi mazuri ya muda wa kazi na kukataza mgongano wa maslahi. Mhandisi wa halmashauri anayeandaa ramani jioni, kisha asubuhi akaipitisha ramani hiyo hiyo kwa muhuri wa ofisi, amekuwa mwanafunzi na msahihishaji kwa wakati mmoja.

Tatizo ni kwamba utaratibu mzima, bila kukusudia, unampa zawadi anayejificha. Mhandisi anayetaka kuajiriwa kwa muda na mwajiri wa pili kwa njia halali hukatwa kodi ya asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza ya mshahara huo wa pili, kwa kuwa unafuu wa Sh270,000 umekwisha kutumika kwa mwajiri wa kwanza. Anayetoa huduma ya kitaalamu kwa ankara hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha anatakiwa kuwasilisha hesabu zake Mamlaka ya Mapato. Anayetaka kufungua ofisi ya ushauri anakabiliwa na ada, leseni na masharti ya usajili. Anayepokea bahasha chini ya mwembe hakatwi chochote, hajulikani na yeyote, na jengo likianguka anaweza kukana kwamba aliwahi kulifahamu. Katika mazingira hayo, kuwashangaa wanaochagua bahasha ni sawa na kuyashangaa maji kwa kuteremka mlima.

Wapo watakaosema kwamba mteja ndiye wa kulaumiwa. Hoja hiyo ina uzito. Mtanzania wa mjini anayejenga yuko tayari kununua marumaru za bei mbaya na geti la kuonyesha majirani, lakini akitajiwa ada ya mhandisi huona anaibiwa. Anachotaka ni karatasi ya kumwezesha kupata kibali, na anataka aipate kwa bei ya karatasi. Mhandisi anayedai malipo ya kufika eneo la ujenzi mara 20 hupoteza kazi kwa mwenzake anayetoza fedha kidogo za kupiga muhuri mara moja. Soko la namna hiyo huwafukuza waangalifu na kuwatunuku wazembe, na mwisho wake bei ya uhandisi hushuka hadi kulingana na bei ya wino.

Nini kifanyike? Jambo la kwanza ni kuifungulia kazi ya ziada mlango wa mbele. Mfano hauko mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ofisi ya ushauri na ushirikiano na viwanda, maarufu kwa kifupi cha BICO, ambamo wahadhiri wa uhandisi hufanya kazi za nje kwa jina la taasisi. Mkataba unafahamika, mteja anajua anamdai nani, mwajiri anajua mtumishi wake yuko wapi, na mhadhiri anapata haki yake bila kujificha. Hakuna sababu ya msingi kwa nini taasisi nyingine zenye wahandisi wengi zisiwe na utaratibu unaofanana na huo, ukiwa na sharti moja lisilo na mjadala: mtumishi asifanye kazi ya nje ambayo ofisi yake itakuja kuikagua au kuipitisha.

Pili, kila kazi ya usimamizi iandikishwe kwa jina na namba ya usajili ya mhandisi, katika daftari moja ambalo Bodi, halmashauri na umma wanaweza kuliona. Leo mwananchi anayepita mbele ya jengo husoma jina kwenye ubao lakini hana njia rahisi ya kujua kama jina hilo hilo liko kwenye mbao nyingine 15. Zabuni za serikali zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Katika zama hizi, kugundua kwamba mhandisi mmoja ametajwa kuwa mkazi wa kudumu wa miradi mitatu katika mikoa mitatu si kazi ya uchunguzi wa kijasusi. Ni kazi ya kompyuta kulinganisha majina.

Tatu, kinachokaguliwa kiwe uwepo badala ya karatasi. Kila jengo la ghorofa liwe na kitabu cha eneo la ujenzi, na kabla ya zege la kila sakafu kumwagwa, mhandisi asaini kwa tarehe na saa kwamba amezikagua nondo. Kitabu cha namna hiyo si jambo geni katika miradi mikubwa. Kikikosekana sahihi, kazi isimame. Mhandisi akisaini wakati hakuwepo, sahihi yake itakuwa ushahidi dhidi yake, naye atafikiri mara mbili kabla ya kuishika kalamu.

Nne, na pengine hili ndilo lenye faida kubwa zaidi, kazi za jioni za wakubwa ziwe ajira za mchana za wadogo. Tangu mwaka 2003 Bodi imekuwa ikiendesha mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka mitatu, unaojulikana kwa kifupi cha SEAP, ambao humwandaa mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu chini ya uangalizi wa mwenye uzoefu. Kikwazo cha vijana wengi ni kukosa mahali pa kufanyia mafunzo hayo na mtu wa kuwalipa posho ya kujikimu. Wakati huo huo, majengo yanapanda kila kona ya jiji bila jicho la mtaalamu. Ikiwa kila mhandisi aliyeajiriwa anayechukua kazi ya usimamizi wa nje atalazimika kumweka mhandisi mhitimu eneo la ujenzi kutwa nzima, ampe mamlaka ya kusimamisha kazi, na amlipe kutoka katika ada hiyo, mambo matatu yatatimia kwa mpigo. Jengo litakuwa na mtu, kijana atapata uzoefu na mkubwa atabaki na sehemu halali ya kipato chake.

Gharama ya usimamizi itapanda, hilo halina ubishi. Mwenye jengo atalipa zaidi ya alivyozoea. Lakini anachokilipia leo kwa bei ya chini hakimo ndani ya jengo. Jina lililokodishwa halishiki boriti wala haliongezi nondo. Kwa mpangaji atakayelala ghorofa ya tatu na kwa mchuuzi atakayetandaza bidhaa zake barazani, jina hilo ni sawa na kufuli lisilo na ufunguo wala komeo.

Tano, kodi na makato yatazamwe upya. Si lazima serikali isamehe mapato, lakini kuna haja ya kujiuliza kama kumtoza mtaalamu asilimia 30 kuanzia shilingi ya kwanza ya ajira ya pili kunaiongezea hazina fedha au kunaihamishia kazi hiyo kwenye bahasha ambayo hazina haiioni kabisa. Vivyo hivyo, pengo kati ya mhandisi wa halmashauri na mwenzake wa taasisi yenye mishahara minono halina budi kupunguzwa, kwa sababu mhandisi wa halmashauri ndiye aliye karibu zaidi na majengo ya wananchi wa kawaida, na ndiye anayekaribishwa bahasha mara nyingi zaidi.

Wahandisi wenyewe nao wana sehemu yao. Taaluma ambayo wanachama wake hukaa kimya wanapoona jina la mwenzao kwenye ubao wa jengo ambalo hajawahi kulikanyaga haiwezi kudai heshima wala mishahara ya madaktari na wanasheria. Anayelalamika kwamba uhandisi haulipi, huku akiuza muhuri wake kwa bei ya kutupa, anakata tawi alilokalia. Thamani ya sahihi hujengwa na uhaba wake, na sahihi inayopatikana kila mahali haina thamani popote.

Tanzania ya leo inajenga kuliko wakati wowote. Treni ya umeme inakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limejengwa katika Mto Rufiji, na daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa mwaka 2025 juu ya maji ya Ziwa Victoria. Katika miradi hiyo usimamizi ulikuwa wa mchana na usiku, kwa sababu ulilipiwa. Swali lililobaki ni la jengo la ghorofa nne la uchochoroni, ambalo halina mgeni rasmi wala kamera za televisheni siku ya uzinduzi, lakini ndani yake watalala watoto.

Kesho saa tano asubuhi, mahali fulani jijini, mashine ya kuchanganyia itaunguruma na fundi mkuu atainua simu yake. Zege halitalala. Kinachotakiwa kuamuliwa na Bodi, serikali, wenye majengo na wahandisi wenyewe ni kama upande wa pili wa simu hiyo utaendelea kusema nitapita jioni, au kama mtu mwenye mamlaka ya kusema simamisheni atakuwa amesimama pale pale, viatu vyake vikiwa na vumbi la saruji.